Bidoni la Pombe Langoni mwa Chuo

Miaka kumi iliyopita, mjukuu wangu wa kwanza alipomaliza chuo cha Wakatoliki pale Gitega, chuo chenyewe kilikuwa nyumba tatu za matofali na choo kinachonuka. Sisemi kwa dharau, nilikiona. Nilitoka kwetu Gashoho na bidoni la pombe ya mtama niliyoipika mwenyewe, nikaingia nalo hadi mlangoni mwa chumba alimokuwa akitetea kitabu chake cha kuhitimu mbele ya walimu. Alipomaliza, nikavuta mrija kwanza, watu waone haina sumu. Kisha padri mkubwa akainama akanywa, akasema mama huyu anaujua mtama. Sifa hiyo niliwaimbia majirani mpaka wakachoka.

Chuo kikakua. Kila nilipomletea maharage mdogo wake, wa kike, aliyesoma hapohapo na kupanga chumba mtaa wa Magarama, nilikuta ghorofa jipya, miti imekatwa, ukuta umezunguka. Nilijivuna. Mtoto huyu mama yake tulimzika kambi ya wakimbizi Tanzania naye hajaota meno, leo anasomea nyumba za vioo.

Siku yake ya kutetea nilifika mapema na bidoni langu. Mlinzi wa lango, mzee mwenzangu, akanizuia, akiniita bibi kizee kwa lugha ya kwetu.

"Mukecuru, we ingia. Iyo bidoni ibakie hapa kwangu."

Nikamwambia pombe iliyobaki kwa mtu usiyemjua, kwetu hainywewi, hata mwenyewe nikiionja mbele ya walimu. Akacheka, akasema wasomi wa siku hizi wanakunywa Fanta. Nikamjibu hata Fanta hufunguliwa mbele ya mgeni. Hilo hakulipinga, ila bidoni halikupita.

Mwenye akili angeliacha. Mimi nikalikalia. Nilijiambia nikiingia mikono mitupu nitamwaibisha mbele ya walimu wake. Makofi yakasikika kutoka ghorofani. Sikujua ni ya nani.

Mjukuu wangu akatoka na suti nyeusi, maua mkononi, marafiki nyuma.

"Bibi, nilikuwekea kiti mbele. Nimekiangalia mpaka mwisho."

Nikasema nilikuwa nachunga pombe yake. Akaniambia taratibu kwamba walimu hawatoki, kuna mwingine anatetea sasa hivi, na baada yake mwingine. Siku hizi wako wengi, hakuna anayengojewa. Nikamwomba basi anisomee palepale aliyoyasema.

"Ni Kifaransa, bibi. Hutaelewa."

"Sikuja kuelewa. Nilikuja kukusikia."

Akafungua kitabu, akasoma mistari miwili. Marafiki wakamwita kwenye picha. Akasita. Nikamwambia aende, leo ni siku yake.

Picha hizo alinionyesha baadaye kwenye simu. Amependeza, mrefu kama mama yake. Wako wote, mpaka wale asiowajua vizuri. Mimi simo. Nilikuwa pembeni, nimemshikia mkoba.