Mfugaji Asiye na Chapa

Kwa miaka kumi na mmoja, aliyepotelewa na ng'ombe Serowe, Botswana, hakuwa na budi kupitia kwa Mma Kebonang, karani wa chama cha wafugaji. Wafugaji walituma barua pepe kwenye ofisi ya chama, naye alizinakili moja moja kwenye hifadhidata: jina, rangi ya ng'ombe, alama ya sikio, chapa. Akiulizwa ng'ombe fulani ni wa nani, alijibu bila hata kutazama kompyuta. Alijiona, na kwa nini asijione?

Kisha akaajiriwa Tshepiso. Wiki tatu tu, binti akaiunganisha seva ya barua pepe na hifadhidata. Barua ikiingia, jedwali linajijaza lenyewe.

"Sasa utapumzisha vidole, Mma."

"Nani kakwambia vimechoka?"

Wivu ulimkaba Mma Kebonang. Maziwa ya mgando waliyozoea kumletea wafugaji sasa yalitua mezani kwa Tshepiso! Basi akafungua anwani ya uongo, akajipa jina la mfugaji, akaliandikia sanduku la barua pepe la chama kwamba binti mpya ana dharau kwa wazee, afukuzwe. Alijua mkuu wao, Rra Sebina, husoma barua za chama kila Ijumaa.

Ijumaa hiyo Rra Sebina aliwakusanya wote waone jedwali jipya. Mistari yote ilikuwa myeupe, isipokuwa mmoja mwekundu.

"Huyo vipi?"

"Hana chapa, Rra. Asiye na chapa programu inamtia wekundu."

"Mfugaji gani hana chapa? Anachunga kuku? Hebu mfungue!"

Watu wakaangua kicheko. Mma Kebonang alijua mara moja ni mfugaji yupi. Miaka yote hiyo ya kuandika chapa za watu, na mfugaji wake mwenyewe kasahau kumpa!

Tshepiso akageuza kioo cha kompyuta upande wake, akasoma kimya. Safu ya mwisho ilitaja kompyuta iliyotuma barua: namba mbili, ya Mma Kebonang. Neno moja tu, na Mma angefukuzwa kazi.

"Si mfugaji, Rra. Nilikuwa najaribu mtambo, nikasahau kufuta." Akafuta.

"Uwe makini, binti. Jifunze kwa Mma Kebonang, huyu hajawahi kusahau chapa."

"Ndiyo, Rra," Tshepiso akajibu, bila kumtazama mtu.

Mma Kebonang akarudi kitini. Alipaswa kushukuru. Badala yake alimwonea yule binti wivu kuliko siku zote, maana sasa hata kwa roho nzuri binti alikuwa amemzidi.