Nusu ya Kengele

Baiskeli ya Bi Pindo ilikuwa na sura mbaya, na mtu aliyetaka kumuudhi angemwambia ni nzuri. Gurudumu la mbele lilikuwa nene, limejaa meno, la zile baiskeli za vijana wanaorukia mawe. La nyuma lilikuwa jembamba na dogo kidogo, hivyo baiskeli nzima ilikaa kama mbuzi anayetaka kuketi. Pedali moja ya mpira, nyingine ya chuma kitupu. Kiti kilivalishwa pande la pazia lenye maua. Fremu peke yake ndiyo iliyokuwa na heshima: nyeusi, nzito, imenyooka. Fremu hiyo ilikuwa ya baba yake, na hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Baba yake alikuwa tarishi. Maisha yake yote ya kazi alibeba barua na mafaili kutoka ofisi moja kwenda nyingine juu ya baiskeli ile, na kwenye kila kona aligonga kengele mara mbili, hata kama barabara ilikuwa tupu. Watu walimjua kwa kengele kabla ya kumjua kwa sura. Alipokufa hakuacha nyumba, maana ile waliyoishi ilikuwa ya kupanga. Aliacha baiskeli na watoto wawili: Bi Pindo, ambaye ni fundi cherehani, na mdogo wake wa kiume, kinyozi.

Hao wawili walikuwa wakitafuta kitu cha kugombania. Kinyozi alisema baba alipougua dada yake alijifanya muuguzi peke yake ili yeye aonekane mtoto mbaya. Bi Pindo alisema mdogo wake alikuja kumwona baba siku za kumnyoa tu, akimaliza anakung'uta kitambaa na kwenda zake. "Ulitaka nimfanye nini, nimshonee suruali?" kinyozi alimuuliza mbele ya waombolezaji, nao wakaangalia chini kwa adabu huku masikio yamesimama.

Baba mdogo wao ndiye aliyekata shauri. Alikuwa mtu wa kupenda akili zake mwenyewe. Alisimama uani, akaielekezea mkono ile baiskeli, akasema: "Kila kinachozunguka ni cha mwanamume. Kila kinachotulia ni cha mwanamke." Alidhani, kwa kuwa hakuna nusu inayoweza kutembea bila nyenzake, basi watatafutana wenyewe. "Wagombanao ndio wapatanao," alisema, akaomba spana. Alisahau kwamba hawa ni watoto wa kaka yake, mtu aliyewahi kumnunia mkubwa wake wa kazi mpaka mkubwa akaomba uhamisho.

Baiskeli ikafunguliwa pale pale. Magurudumu, cheni na pedali vikaenda kwa kinyozi. Fremu, kiti, breki na keria ya kubebea mzigo vikaenda kwa Bi Pindo. Kwenye usukani walibishana mpaka chai ikapoa. Baba mdogo alipompa dada, kinyozi alitia mkono kwenye kengele, akakizungusha kile kifuniko chake cha duara mpaka kikafunguka. "Na hiki kinazunguka," alisema, akakitia mfukoni. Kwa hiyo Bi Pindo alibaki na kitako cha kengele na kile kidude cha kubonyeza kwa dole gumba. Ukikibonyeza kilitoa sauti ya panya ndani ya gunia: kr-kr.

Tangu siku ile hawakusalimiana. Kinyozi aliyatundika magurudumu mlangoni pa duka lake, moja kila upande, kama mapambo. Kile kifuniko alikigeuza sahani ya kuwekea vipande vya shabu, ile ya kupaka mteja anapochanika. Bi Pindo aliitundika fremu ukutani juu ya cherehani, na usukani ukawa mahali pa kuning'iniza nguo za wateja. Majirani nao waliukumbuka ule msemo, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakaenda zao kulima.

Lakini goti halijui kununa. Goti la kulia la Bi Pindo lilianza kumsaliti taratibu, kwanza kwenye ngazi, halafu hata kwenye tambarare. Na riziki yake ilikuwa ya miguu: alishona na kupinda mashuka, foronya na mapazia ya nyumba ya wageni iliyo upande wa pili wa mji, akiyachukua mwenyewe na kuyarudisha mwenyewe na furushi kichwani. Siku hizi alikuwa akifika wageni wamekwisha kaa kwenye mabenchi na mabegi yao, wanangoja vitanda vitandikwe. Meneja, mwanamke mpole mwenye saa kubwa mkononi, alimwambia bila kupandisha sauti: "Mama, kazi yako nzuri. Lakini ukichelewa tena, usihangaike kuja." Bila nyumba ile, Bi Pindo angebaki na vifungo vya watu na suruali zilizopasuka makalio. Alilijua hilo vizuri kuliko meneja.

Akameza mate machungu, akaenda kwa mdogo wake.

Alisimama mlangoni kati ya yale magurudumu mawili, akingoja shikamoo. Haikuja. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, povu shavuni, na hakugeuka.

"Nimekuja kwa ajili ya magurudumu," Bi Pindo alisema.

"Yapi?"

"Ya baba."

"Baba yupi tena ana magurudumu? Mimi nayajua yangu."

"Naazima tu. Goti linanisumbua, na kazi itanitoka."

"Lete fremu hapa," kinyozi alisema akinoa wembe. "Nitaivalisha magurudumu, halafu siku ambayo sina safari nakuazima baiskeli yangu."

"Heri nitembee kwa magoti!"

"Si umesema goti bovu?"

Mteja akacheka mpaka povu likamwingia mdomoni. Waliokuwa kwenye benchi wakacheka pia, maana kwa kinyozi hucheki ukipenda, unacheka kwa sababu ana wembe. Bi Pindo alimtazama kisogo yule mtu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea, akatamani angemwangusha mapema. Akaondoka.

Aliunda baiskeli kwa hasira, na hasira kwa mara hii haikuwa hasara. Kwa muuza chuma chakavu alipekua lundo mpaka kucha zikawa nyeusi. Alipima kila kitu kwa futi yake ya kushonea, ekseli, upana wa uma, urefu wa cheni. Muuza chuma alimtania kwamba baiskeli haivai suruali. "Nyamaza wewe," alijibiwa, "umevaa shati la kushonwa na mlevi." Na hilo lilikuwa kweli.

Nyumbani aliteremsha fremu ukutani, akaanza kwa njia anayoijua. Fundi cherehani hashoni kabla ya kupiga bandi, ule mshono wa muda. Basi alifunga kila kitu kwanza kwa uzi mnene, magurudumu, pedali, keria, akarudi nyuma, akakodoa, akasogeza, akafunga tena. Baiskeli ilisimama katikati ya chumba kama gauni la kujaribia. Aliporidhika ndipo akakata nyuzi na kushika spana. Gololi alizipanga kwenye grisi kwa kibanio cha kushikia sindano. Cheni ilikuwa ndefu, akaipunguza kwa msumari na nyundo. Pedali ya kushoto ilimtukanisha siku nzima, mpaka alipokumbuka baba yake akisema kwamba ile hukazwa kinyume na nyingine zote. Alilia kidogo hapo, kwa ghadhabu zaidi kuliko kwa huzuni, akaikaza kinyume, ikaingia.

Breki ndizo zilizomshinda. Zilikuwa za magurudumu makubwa ya baba, na haya madogo hayakuzifikia. Alizirefusha kwa vipande vya soli ya kiatu, akavifunga kwa waya. Zilishika, lakini zilifikiri kwanza.

Kuendesha hakukumpa taabu, maana alijifunzia kwenye fremu hiyo hiyo utotoni, mguu mmoja umepitishwa chini ya ule mtaimbo wa juu. Goti lililokataa ngazi lilikubali pedali. Mashuka yakaanza kufika mapema. Meneja aliitazama baiskeli, akatazama saa yake, akapokea furushi.

Njia ya kwenda nyumba ya wageni ilipita mbele ya kinyozi. Bi Pindo angeweza kuzunguka nyuma ya soko, lakini yeye na kuzunguka! Alipita pale pale, shingo imenyooka. Na kinyozi hakumwacha apite bure. Alitoka na wembe mkononi kupiga kelele: "Pisheni, pisheni! Baba anapitishwa na miguu ya kuazima!" Bi Pindo alibonyeza kr-kr yake kwa chuki, mdogo wake akacheka kwa chuki, na siku ikaanza. Ukimuuliza yeyote kati yao wakati ule, angekuambia anashinda.

Ikafika asubuhi ya mashuka mengi. Nyumba ya wageni ilikuwa imepata kundi la watu wa arusi, na meneja alitaka kila kitu kabla hawajafika. Bi Pindo alikuwa amepinda, amepiga pasi, amefunga furushi jeupe kwenye keria na kulikaza kwa mpira wa tyubu. Alikuwa na nafasi ya kutosha. Barabara inateremka kidogo kabla ya duka la kinyozi, na baiskeli yenye mzigo ilishika kasi.

Kinyozi hakuwa akimngoja siku hiyo. Alitoka dukani kinyumenyume, akikung'uta kitambaa kilichojaa nywele, huku akizungumza na mtu aliye ndani. Bi Pindo akamwona. Akabonyeza. Kr-kr. Akabonyeza tena na tena kwa nguvu mpaka dole gumba likauma. Kr-kr, kr-kr. Kinyozi alikung'uta kitambaa. Bi Pindo akavuta breki, breki zikaanza kufikiri.

Alimpiga kiunoni. Kinyozi akaangukia mtaroni, baiskeli ikalala, ule mpira wa tyubu ukafyatuka, na mashuka meupe yakatandazika mpaka ndani ya maji machafu kana kwamba kuna mgeni atakayelala humo. Nywele za watu zikayashukia polepole.

Kinyozi aliinuka na matope mpaka kifuani. "Dada!" alipiga kelele. "Wewe huna kengele?"

Hakuwa amemwita dada tangu msiba. Pengine hata mwenyewe hakujisikia.

Bi Pindo alikuwa ameketi barabarani, sketi imepasuka, goti linavuja damu. Aliunyoosha mkono mpaka kwenye usukani, akabonyeza. Kr-kr.

"Ninayo," alisema. "Nusu."

Kwenye benchi hakuna aliyecheka. Mteja wa kitini alijifanya anajitazama kwenye kioo. Kinyozi alitoka mtaroni, maji yakimchuruzika, akaingia dukani. Wakasikia vipande vya shabu vikimwagwa mezani. Akarudi na kile kifuniko, akapiga goti mbele ya usukani, akakizungusha mpaka kikakaza.

"Usidhani nimekusamehe," alisema. "Nafunga hiki watu wakusikie, wakukimbie."

"Na nani amekuomba?"

Kinyozi akabonyeza kukijaribu. Mlio ukatoka mzima, mkali, ule ule wa baba. Kisha kinyozi akainama kuokota shuka.

"Acha!" Bi Pindo alimnyang'anya. "Una nywele za watu mikononi."

Kwenye nyumba ya wageni, meneja aliinua ncha ya shuka kwa vidole viwili. Nyuma yake mabenchi yalikwisha jaa, watoto wa arusi wanalia.

"Mama, hizi ni nywele?"

"Za watu safi. Wamenyolewa leo."

Meneja hakutabasamu. Angekuwa mkali ingekuwa nafuu, Bi Pindo angepata wa kumtukana. "Pole sana, mama," alisema tu. "Lakini nilikuambia." Kazi ile ilikwenda kwa fundi mwingine, mwenye pikipiki.

Bi Pindo aliyafua mashuka yale, akayapinda upya palipochanika, akayarudisha, na meneja akayapokea kwa shukrani bila kumpa mengine. Akabaki na vifungo na suruali, kama alivyoogopa. Baiskeli ilikuwa nzima sasa kuliko wakati wowote, na haikuwa na pa kwenda.

Lakini huitoa. Kila asubuhi, saa zile alizokuwa akitoka baba yake kwenda kazini, yeye hupanda na kuteremka barabara ile, keria tupu. Akifika mbele ya duka la kinyozi hagongi kwa hasira, wala hageuzi shingo. Anagonga mara mbili, kama tarishi, anapita.

Ndani, wembe husimama shingoni mwa mteja. Wateja wageni huuliza kuna nini, naye huwaambia watulie wasije wakachanika. Angeweza kutoka akamwambia aache. Angeweza pia kuyateremsha yale magurudumu mlangoni. Anachofanya ni kukishika kichwa cha mtu na kungoja, mpaka baiskeli ifike kwenye kona na kengele igongwe tena mara mbili, ndipo aendelee kunyoa.