Moyo Uliopigwa Mezani

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya hospitali moja huku Msambweni, goti likiniuma. Mlango wa daktari ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani alikaa mama mmoja, mpiga ngoma wa arusini.

"Mashine yaonyesha moyo uko sawa, mama," alisema daktari.

"Imeukuta umetulia, mwanangu. Ukianza kuruka, naona kizunguzungu."

"Hebu nipigie hapo mezani unavyoruka."

Mama akafumba macho. Vidole vilianza polepole, vikakimbia, vikasita, vikakimbia tena bila mpango.

"Mpigaji huyu hamngoji mchezaji," akasema mama.

Daktari akaweka kalamu chini, akamfunga kifuani kifaa kidogo cha kurekodi mapigo mchana kutwa na usiku kucha.

"Na arusi ya leo jioni?"

"Nenda nacho, mama. Kazi yake ni kukusikiliza."

Miaka yote nimewaambia madaktari "moyo wanienda mbio", nikidhani nimeeleza. Zamu yangu ilipofika, niliulizwa naumwa wapi. Nikaomba nisubiriwe kidogo: vidole vyangu vilikuwa pajani, vikiutafuta mdundo wa moyo wangu, na goti nilikuwa nimelisahau.