Vidonge Kwenye Koti la Mume Wangu

Nilikuta vidonge vya uzazi wa mpango kwenye mfuko wa koti la kazi la mume wangu.

Pakiti iliyokwisha funguliwa. Kumi vilikuwa vimeshatolewa.

Mimi situmii. Tangu mimba yangu iharibike mwaka jana nahangaika kutafuta mtoto, kila mwezi najifungia chooni nalia. Sasa huyu anamnunulia nani?

Roho ilinichoma.

Nikarudisha pakiti mahali pake, nikakaa kwenye cherehani. Suruali ya mteja nikaiunganisha mguu kwa mguu bila kujua.

Kesho yake nikachungulia. Kumi na moja. Siku iliyofuata, kumi na mbili.

Yaani wanaonana kila siku.

Mume wangu ni fundi friji. Jirani na karakana yake kuna dada wa saluni anayecheka utani wake hata usiochekesha. Nikamvaa mbele ya wateja.

"Vidonge anavyokununulia mume wangu, unameza saa ngapi?"

Akaweka kitana chini taratibu.

"Mimi nilifunga kizazi baada ya mtoto wa nne. Na mumeo ananiita shemeji. Kamtafute mwingine."

Niliondoka sina pa kuweka uso. Lakini wivu haukupoa. Nikawa nanusa mashati, napekua simu.

Kichwa kilinigonga wiki nzima, nikasema ni mawazo. Mguu wa kushoto ukavimba, ukawa wa moto, nikasema ni kukaa sana kwenye cherehani.

Asubuhi moja nikashindwa kuukanyagia. Mume wangu akanibeba mpaka hospitali.

Daktari, mama wa makamo, alinipima. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa mguu, na presha iko juu.

"Unatumia vidonge vya uzazi wa mpango?"

"Mimi? Muulize huyu. Yeye ndiye anayemnunulia mwanamke wake."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaegemea ukuta, akateremka mpaka akakaa sakafuni.

"Huyo mwanamke ni wewe," akasema. "Nakusagia kwenye chai. Mwaka mzima sasa. Siku ile mimba ilipoharibika ulitoka damu mpaka ukaacha kunijibu. Nikaapa hutabeba tena."

Niwaambie ninachoona aibu kusema? Kitu cha kwanza nilichohisi ni raha. Hakuna mwanamke mwingine.

Halafu nikakumbuka alivyokuwa akinibembeleza kila mwezi, huku anajua.

Nikamwomba daktari amtoe nje.

"Kwa presha yako, vidonge hivi ningekukatalia," daktari aliniambia. "Zipo njia nyingine. Lakini ningekupima kwanza, na ningekuuliza wewe."

Nilichomwa sindano za kuzuia damu isigande zaidi. Nilipopona kidogo nikahamia kwa dada yangu, na niko huku mpaka leo. Mume wangu anakuja kila Jumapili. Siku nyingine namsikiliza, siku nyingine namwambia aende.

Vidonge hivyo vimewafaa wanawake wengi, sivisemi vibaya. Ila kuna miili haiviwezi, ndiyo maana mtu anapimwa. Na hakuna wa kulishwa dawa bila kujua, hata na anayempenda.

Wewe mwanaume unayemwamulia mkeo kwa sababu unaogopa kumpoteza, kaa naye umwambie kwamba unaogopa.

Wangu angeniambia, ningemsikiliza. Hata mimi nilikuwa naogopa.