Sentensi Iliyofutwa kwa Wino Mwekundu

Harufu ya kahawa iliyomenywa na kulowekwa mpaka ikachacha hunirudisha kijijini kwetu Sekei moja kwa moja, nami hukasirika kabla hata sijajua nakasirikia nini. Maji yale yalikuwa yetu. Mfereji ulichimbwa na babu zetu kutoka mlimani, lakini siku zile za Waingereza setla, Mzungu mwenye shamba juu yetu, aliufunga tangu asubuhi ili aoshe kahawa yake. Jioni ndipo alipotuachia maji, yana utelezi na yananuka.

Basi, bomani, kwenye ofisi za serikali, wakataka mama yangu azungumze na wanawake kwenye gari la matangazo, lile lenye vipaza sauti juu ya paa. Mada ilikuwa usafi. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani na sauti yake ilitosha mabonde mawili, ila kusoma hakujua. Mwandishi nikawa mimi, binti wa darasa la tatu mwenye majivuno ya mwalimu mkuu. Alisema huku akimenya ndizi, nikaandika: watoto waogeshwe kila siku, vyombo vioshwe, nguo zifuliwe. Halafu akaongeza: "Andika na hii. Lakini mchana maji yetu yamefungwa, yafunguliwe."

Karatasi ilipelekwa bomani kukaguliwa, ikarudi na sentensi hiyo imefutwa kwa wino mwekundu. Mama akaniamuru niiandike tena. Ikafutwa tena. Mara ya tatu karani wa bomani aliyesahihisha hotuba alikuja mwenyewe kwa baiskeli, akakataa hata kukaa.

"Mama, mume wako anafanya kazi kwenye shamba lile lile," alisema. "Hii ukiisema sokoni, kesho yake hana kazi. Nimekuja kukwambia kwa wema tu."

"Nimesikia, baba," mama alijibu, kisha akanigeukia. "Nakili bila hiyo."

Nilinakili huku nalia kwa hasira. Nilimwona mwoga. Tena jioni zote zile, tukisubiri maji mferejini, alikuwa akijikumbusha hotuba yake kwa sauti, na wanawake wote waliijua pamoja na sentensi ile. Niliona aibu kwa niaba yake.

Siku ya soko gari likaja. Bibi mmoja Mzungu, afisa wa maendeleo, alimshikia mama kipaza sauti. Mimi nilisimama ubavuni na karatasi, kazi yangu kumnong'oneza akisahau. Alianza vizuri. Waogesheni watoto kila siku. Osheni vyombo. Fueni nguo. Kisha akanyamaza.

Nikadhani amesahau, nikamnong'oneza sentensi iliyofuata. Akanikanyaga mguu. Nikanong'oneza tena, akanikanyaga kwa nguvu zaidi. Soko zima likatulia, mbuzi tu wakilia. Yule bibi akatabasamu kumtia moyo, akamsogezea kipaza sauti karibu zaidi.

"Lakini mchana maji yetu yamefungwa!" alisema jirani yetu, Mama Anaeli, kutoka kwenye mafungu yake ya ndizi.

"Yafunguliwe!" wakaitikia wengine, mara moja, mara mbili, mpaka vipaza sauti vikayapeleka maneno hayo juu kwenye kahawa ya setla.

Mama alisubiri wamalize. Akasema sehemu ya sabuni kwa adabu zote, akaishukuru serikali, akashuka. Karani alininyang'anya karatasi, akaisoma, akaigeuza kutazama nyuma. Hakuona kosa. Kesho yake baba alikwenda kazini kama kawaida. Mfereji haukufunguliwa mwaka ule, sitawadanganya, wala mama hakuitwa tena kwenye lile gari.

Nilimdhania mwoga, kisha kwa miaka mingi nikamdhania mjanja aliyewapanga wanawake wale. Nilikuwa mtu mzima, naandika vipindi vya wakulima redioni, nilipomwuliza aliwagawiaje sehemu zao.

"Sikumpanga mtu," alisema. "Nilinyamaza tu."

"Na wasingesema je?"

"Ningeendelea kunyamaza. Wangenitoa pale kwa kunibeba."