Nusu ya Meza

Kwa muda mrefu nilikana kwamba ninakula chakula cha Jumapili nikiwa nimevaa kaski. Majirani walipouliza kwa nini ninafunga mlango mchana, nilijibu kwamba nasahihisha makala. Ukweli ni kwamba nilikuwa mezani na watu waliokwisha kupanda ndege.

Kaski hiyo ni miwani mikubwa inayofunika uso. Ukiivaa unajikuta ndani ya video, na ukigeuza kichwa unaona pande zote. Binti yangu anayeishi Ulaya aliiacha hapa Lubumbashi alipokuja na mume wake na watoto wawili, kwa kuwa kwake ana nyingine. Siku ya mwisho aliweka kamera yenye jicho mbele na nyuma katikati ya meza, kati ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, akarekodi dakika ishirini za mlo. Kisha kamera nayo ikasahaulika kwangu.

Siku moja aliandika: "Mama, tuma ile video." Nilifurahi kupita kiasi. Nikajiambia kwamba ikifika safi atapata hamu ya kurudi Noeli, na ikifika imeharibika ataona Kamalondo, mtaa wetu, ni mbali mno.

Nina shahada mbili, zote za fasihi, na hakuna hata moja inayojua megabiti. Nilisoma, nikaelewa hivi: kila sekunde ya video hupewa kiasi chake cha data. Kwa megabiti mia nilionyeshwa hadi mafuta kwenye vidole, lakini faili ikafikia jigabaiti kumi na tano, na intaneti ya mtaa wetu hukatika kabla ya kupandisha hata kipande. Nikashusha hadi kumi na mbili. Kwenye simu ilipendeza; huku tumezoea kutumiana video zilizopondwapondwa. Ndani ya kaski, hata hivyo, picha hutandazwa kukuzunguka, na kale ka data kadogo kanagawiwa kila kitu. Viti na ukuta vilibaki safi kwa sababu havisogei. Watu, kwa kuwa hawatulii, waliyeyuka kama uji. Mjukuu wangu alinyoosha mkono kuchukua bukari, na mkono ukafika bila vidole.

Ndipo nilipopata akili niliyojisifia siku nzima: video si lazima izunguke pande zote. Nikikata nusu, uzito uleule unawatosha waliobaki. Upande wa kukata haukuhitaji mjadala. Kwetu aliyepika hukaa karibu na mlango wa jikoni, sufuria miguuni, akiinuka kila mara kuongeza. Upande ule ulikuwa na mlango, sufuria na mimi. Nikakata. Wale wanne walirudi na vidole vyao vyote, nami nikatuma.

Jumapili nilikuwa nimevaa kaski, tonge mkononi, simu ikalia.

"Mama, weye uko wapi?"

"Kwangu. Niko nakula."

"Hapana, mu video! Minageuka nyuma, minapata tu giza. Mutoto naye anageuka, karibu aanguke."

"Nilijitosha, nilikata upande yangu. Fichier ya video ilikuwa nzito."

"Sasa ulitutumia nani?"

"Mweye! Muko bazuri. Unaona hata meno ya bwana yako."

"Bwana yangu iko hapa kwa kiti, analala kinywa wazi, meno yote minayaona bure! Mama, na masomo yote ile?"

Niliweka tonge sahanini. Nilikuwa nimemchagulia wale ninaowakosa mimi.

"Mutoto anatafuta weye, kambo yake," akasema, sauti ikishuka. "Anaanza kusahau sura yako."

"Lakini ule upande niko peke yangu. Miye na sufuria."

"Ni ule upande njo tunataka. Megabiti yote weka kwa weye."

"Na bale bengine, nibapeleke wapi?"

"Baki nabo, mama. Siye tutumie weye."