Jani la Isale kwa Mama Aloisia

Kijijini Kilema mimi ndiye niliyewapimia watu, kwa asilimia, nafasi zao za kuingia chuo cha ualimu, ingawa mtihani wenyewe nilikuwa naurudia mara ya tatu. Mama Aloisia, aliyeacha shule kuolewa, aliponiuliza yake, nilimjibu mbele ya foleni ya kupimia kahawa, "Mama, rudi kwenye migomba."

Matokeo yalipobandikwa Moshi, jina lake lilikuwa la kwanza. Nililitazama kama mtu anayeona kilele cha Kibo kikifunuka mawingu. Langu halikuwepo.

Nikampelekea jani la isale, ambalo kwetu aombaye nalo msamaha hakataliwi. Alilipokea, akalitia ndani ya kitabu chake cha hesabu, akanikabidhi.

"Anzia penye jani, mwanangu. Siku ya mtihani nilikaa nyuma yako. Hesabu za asilimia ulizifuta mpaka karatasi ikatoboka."